Uzi: Mathilde wa kwenye hadithi ya Maupassant aliponzwa na tamaa, au na mdomo mzito?

#1 Mtoto wa Karani
Wakuu, salaam. Jana umeme ulikatika, nikasoma tena kwenye simu ile hadithi ya Mfaransa Guy de Maupassant, "La Parure", ile ya mkufu ambayo wengine wetu tuliisoma sekondari kwa Kiingereza kwenye karatasi zilizofifia wino.

Kwa ambao hawajaisoma: Mathilde Loisel ni mke wa karani wa Wizara ya Elimu, Paris. Mzuri, hana kitu, kutwa anaota mazulia na vyombo vya fedha. Mumewe analeta kadi ya mwaliko wa hafla ya waziri. Hana nguo, mume anatoa faranga 400, gauni linapatikana. Hana cha shingoni, anaazima kwa Jeanne Forestier, rafiki yake tangu shule ya masista. Usiku ule anang'ara kuliko wote. Kufika nyumbani, shingo tupu. Wanatafuta wee, wapi. Wananunua kingine cha faranga 36,000, wanarudisha kimyakimya, wanalipa madeni miaka 10 mpaka mama mikono inachanika kwa maji ya kudekia. Siku moja anakutana na Jeanne, anamsimulia, Jeanne anashika kichwa: changu kilikuwa feki, hakikuzidi faranga 500!

Mwalimu wetu aliandika ubaoni "tamaa mbele, mauti nyuma" tukanakili tukaenda kula. Mimi leo nabisha. Usiku mmoja wa kucheza muziki haumfilisi mtu. Kilichomfilisi ni kushindwa kusema maneno mawili: "Jeanne, nimekipoteza." Angesema asubuhi ile, hadithi ingeisha kwa kicheko na chai. Mficha uchi hazai. Karibuni.

#2 Mpita Njia
Kwa hiyo umetumalizia utamu wote halafu unatukaribisha? Haya, nimekaa pale, ngoja waje.

#3 Shangingi Mstaafu
Mtoa mada unamtetea bure huyo mama. Rudi kwenye mistari. Mume alimwambia avae maua tu, kwamba kwa faranga 10 angepata waridi mbili tatu za nguvu. Akakataa, eti hakuna kinachodhalilisha kama kuonekana maskini katikati ya wanawake wenye pesa. Kafika kwa Jeanne, kafunguliwa sanduku: bangili, lulu, msalaba wa dhahabu wenye vito. Anajaribu mbele ya kioo, anauliza, "Huna kingine?" Shingo moja, anataka kingine! Mpaka alipoona kile cha almasi kwenye kisanduku cha satini nyeusi, mikono ikaanza kutetemeka.

Hiyo si tamaa ni nini? Hiyo aibu unayoisema ni mtoto wa tamaa. Mama ndiye huyo huyo.

#4 Kibatari
Mimi naikumbuka vizuri. Ilikuwa sherehe ya mfalme, wakati wa kurudi mwenye gari akamwibia, wakalipa miaka 20. Fundisho lake ni usiamini madereva.

#5 Dada wa Kivu
Bandugu, jambo. @Kibatari, umechanganya mambo manne katika sentensi mbili 😂

Mfalme hakuwepo. Ufaransa ilikuwa jamhuri tangu 1870, na hadithi ilitoka katika gazeti la Le Gaulois tarehe 17 Februari 1884. Hafla ni ya waziri wa elimu. Miaka ni 10. Na hakuna aliyemwibia, alipoteza tu, hajui wapi. Wenyewe wanadhani kilidondoka ndani ya gari la farasi, lakini mke anamuuliza mume "ulishika namba?" hakushika, mume anamuuliza mke "na wewe hukuitazama?" hakuitazama.

Huku Bukavu tuliisoma kwa Kifaransa chenyewe, na mwalimu alikuwa anatusomea tunaandika kwa imla, kwa hiyo vipande vingine vimenikaa kichwani kama sala. Ndiyo maana nataka kumrekebisha na mtoa mada. Unasema Mathilde alishindwa kusema. Wazo la kunyamaza lilikuwa la nani? Kipindi Mathilde amekaa kwenye kiti na gauni lake la hafla, hana hata nguvu ya kulala, mume ndiye aliyezunguka polisi, magazetini, kwenye kampuni za magari. Aliporudi jioni mikono mitupu akamwambia mkewe: mwandikie rafiki yako kwamba umevunja kibanio cha mkufu wake na umepeleka kutengenezwa. Na Maupassant anaongeza kamstari kafupi: mke aliandika huku mume akimsomea cha kuandika.

Barua ya uongo ni ya mume. Mkono tu ndio wa mke. Na baada ya wiki, aliyesema "tutafute namna ya kukirudisha kingine" ni mume vilevile.

#6 Mtoto wa Karani
Dada wa Kivu, hapo kwenye barua umenipiga ngwala. Nimerudi kusoma, ni kweli. Basi narekebisha: waliponzwa na midomo mizito, wote wawili. Asante.

#7 Fundi Cherehani
Sasa mnataka kumtupia lawama mzee Loisel? Yule mwanaume angekuwa mtaani kwetu tungemjengea mnara. Zile faranga 400 zilikuwa akiba yake ya kununulia bunduki, kiangazi hicho aende na wenzake Jumapili kuwinda ndege uwanda wa Nanterre. Nanterre leo ni majengo matupu, ila wakati huo mtu alikuwa anatoka Paris anaenda kupiga ndege pale. Mwanaume kauma meno, kasema sawa mke wangu, nakupa 400, jitahidi lipatikane gauni zuri.

Kwenye hafla mwenyewe amelala chumba cha pembeni tangu saa sita usiku na wanaume wengine watatu ambao wake zao nao wanastarehe. Saa kumi alfajiri ndiyo wanatoka. Halafu anamfunika mkewe koti la kila siku asipigwe baridi, mke anakimbia ngazi asionekane na wenye manyoya ghali. Kamwambia subiri nikatafute gari, hakusikia.

Na yule jamaa alikuwa ameridhika na maisha. Mezani akifunua bakuli la supu anafurahi: "Aa, mchemsho mzuri! Hakuna kinachopita huu." Mwenzake pale pale anawaza samaki mwenye nyama ya rangi ya waridi na mabawa ya ndege wa porini. Mchemsho umekosa nini jamani?

#8 Mama Pacha
@Fundi Cherehani, mchemsho haujakosa kitu siku ya kwanza. Ule ulikuwa kwenye kitambaa cha meza cha siku ya tatu, hadithi yenyewe inasema. Nani alikuwa anakifua? 😏

Ila niseme jambo, maana uzi huu umenichoma. Mwaka juzi nilikuwa msimamizi wa bibi harusi wa mdogo wangu. Shangazi yangu wa Tanga akaniazima seti yake ya dhahabu, kidani na hereni, ile anayoitoa kabatini kwa Idi tu. Ukumbini nikacheza, nikainama, nikainuka. Kufika nyumbani hereni moja. Nikarudi ukumbini alfajiri na tochi ya simu, nikawapangusia watu sakafu bure. Sikumwambia. Nikaenda kwa sonara na ile iliyobaki, akanitengenezea pacha wake, nikakopa kwenye kikundi, nikalipa miezi saba. Nikarudisha seti nzima nikasema "asante shangazi". Akapokea, akaweka. Mpaka leo.

Kwa hiyo mnaomcheka Mathilde, mcheke polepole.

#9 Mpita Njia
Mama Pacha mpigie shangazi SASA HIVI.

#10 Mama Pacha
Nimpigie nimwambie nini? Acheni niishi.

#11 Hesabu Kali
Wakuu mnaongelea 36,000 kama namba ya basi. Ngoja tuipime. Faranga ya enzi ile ilifungwa kwenye dhahabu. Sarafu ya dhahabu ya faranga 20 ilikuwa na gramu 6.45, ukiondoa mchanganyiko unabaki na dhahabu safi gramu 5.8 hivi. 36,000 gawa kwa 20 ni sarafu 1,800. Zidisha: kilo 10 na ushee za dhahabu safi.

Sasa angalia upande wa pili, ambao ndio unanishangaza zaidi. Hiyo feki ya faranga 500 ni sarafu 25, karibu gramu 145 za dhahabu. Ilikuwa ghali kuliko gauni zima, na ghali kuliko bunduki ya mzee. Tunaposema "feki" tusifikirie vile vya kumwagwa chini kwenye turubai. Hata hiyo feki karani alikuwa hainunui kirahisi.

#12 Kibatari
Kilo 10 shingoni si angevunjika?

#13 Hesabu Kali
Kibatari, thamani, si uzito. Kaa chini unywe maji.

#14 Sonara wa Mtaa
Nimeingia kwa sababu mmetaja kazi yangu. Niko kwenye dhahabu na vito mwaka wa 19, nilirithi kibanda kwa baba.

Kwanza, feki za Paris zilikuwa na heshima yake. Karne ya 18 palikuwa na sonara pale, Georg Friedrich Strass, mtu wa Alsace, aliyepata sifa kwa vito vya kioo chenye madini ya risasi, vinamwaga mwanga kama almasi. Mpaka leo Wafaransa wanaita vito vya namna hiyo *strass*. Matajiri wenyewe walivivaa. Kwa mwanga wa mishumaa na taa za gesi, kwenye ukumbi wenye vioo, hata mimi ungenipa mita mbili nisingekuapia.

Lakini mkononi ni kitu kingine. Almasi inapitisha joto haraka sana, ukiihemea ukungu unaruka papo hapo, kioo kinabaki na ukungu. Ukiigusa mdomoni almasi ni ya baridi. Na kioo kile ni laini, kikivaliwa miaka miwili mitatu kingo zinalika, zinakuwa butu. Mathilde hakujua kwa sababu hajawahi kushika ya kweli, hana cha kulinganishia. Hapo simlaumu.

Ninayemshangaa ni Jeanne. Umerudishiwa mzigo umechelewa, unanuna kwamba ungeweza kuuhitaji, halafu hufungui kisanduku! Ukakaa na almasi za 36,000 miaka 10. Ina maana hakukivaa tena? Au alikivaa na hakuona tofauti? Mteja wangu yeyote angeona kingo tu.

#15 Mtoto wa Karani
Sonara, heshima yako. Umenikumbusha dokezo ambalo nilikuwa nalipita kila mara. Walipopoteza, walikwenda kwa sonara ambaye jina lake liko ndani ya kisanduku. Akafungua madaftari yake akawaambia: mkufu huo sikuuza mimi, mimi nilitoa kisanduku tu. Jibu lilikuwa pale! Nani ananunua almasi duka moja na boksi duka jingine?

#16 Sonara wa Mtaa
Anayetaka feki ionekane ya kweli. Nauza visanduku vitupu kila mwezi, siulizi vinakwenda kubeba nini 😂

Na ndiyo maana mimi nasema mwenye makuu wa hadithi hii ni Jeanne. Mathilde anaota, Jeanne anafanya. Anajua ni kioo, anakilaza kwenye satini nyeusi, anakiazimisha bila kusema neno. Angesema tu "chukua shoga, ila hicho ni cha kuzugia", yote yasingetokea. Hakusema kwa sababu naye hakutaka ijulikane.

#17 Shangingi Mstaafu
Mhh. Naanza kuyumba, ila bado sijaanguka.

#18 Mswahili wa Mji Kale
Asalaam aleikum. Mie ninaona hapa watu wanaandika "mkufu, mkufu". Mkufu ni mnyororo, hata wa chuma wa kufungia mashua. Kinachopamba shingo ya mwanamke aliyejipamba ni kidani. Mkiandika Kiswahili kiandikeni chote.

#19 Dada wa Kivu
Asante mzee wetu, ila jina la Kifaransa halisemi kidani wala mkufu. *Parure* ni pambo, seti ya mapambo, linatokana na kitenzi cha kujipamba. Ndani ya hadithi ndiyo kinatajwa kile cha almasi kwa jina lake, "mto wa almasi", kwa sababu mawe yamepangwa mstari yanatiririka. Ukiliita jina la hadithi "Mkufu" macho yanakwenda kwenye kitu. Ukiliita "Pambo" yanakwenda kwa mwanamke mwenyewe, maana hata yeye usiku ule alikuwa pambo la waziri. Waziri alimwangalia, maofisa wa ofisi ya waziri walitaka kucheza naye.

#20 Mswahili wa Mji Kale
"Pambo" nimekubali. "Mkufu" sijakubali.

#21 Wakili Njaa
Poleni kwa kuchelewa, nilikuwa mahakamani nikisubiri kesi isiyoitwa. Niwape upande wa sheria, bure.

Ufaransa ilikuwa na Kanuni ya Raia ya 1804, ya Napoleon. Aliyeazima kitu cha kutumia anatakiwa arudishe kile kile. Kikipotea kwa uzembe wake, analipa thamani yake, yaani 500. Kanuni hiyo hiyo ilisema aliyepokea kwa makosa kitu asichostahili lazima akirudishe. Kwa hiyo siku ile barabarani Champs-Élysées, Mathilde alikuwa na dai zuri kabisa. Na ukomo wa kudai enzi hizo ulikuwa miaka 30, muda ulikuwa umebaki tele. Ni sentensi moja tu: shoga, nirudishie changu, toa 500 zako.

Lakini kuna kigingi: mwanamke wa ndoa hakuweza kufungua kesi bila idhini ya mume. Turudi kwa Fundi Cherehani, amwamshe mzee Loisel kule chumba cha pembeni.

#22 Fundi Cherehani
😂😂😂 Mwache apumzike, kesho ana kazi saa nne asubuhi. Hilo nalo limo, alipanda ngazi za kwao, mtaa wa rue des Martyrs, akiwaza ofisi tu.

#23 Mwanaharakati wa Jikoni
Wanaume wa uzi huu mnapita pembeni. Aya ya kwanza kabisa inasema: msichana mzuri aliyezaliwa, kama kwa kosa la majaliwa, katika familia ya makarani. Hana mahari ya kupeleka. Kule mwanamke ndiye alitakiwa aje na mali. Hana pa kujulikana na mtu mwenye nafasi, akakubali kuozwa kwa karani. Hakuna kazi ambayo mwanamke wa daraja lake angeifanya bila kuonekana ameshuka. Talaka ilifutwa 1816 ikarudishwa Julai 1884, miezi mitano baada ya hadithi kuchapishwa. Sasa mwambieni, mtaji wake ulikuwa nini? Uzuri. Na uzuri bila nguo na kito hauingii ukumbini.

Mnaita tamaa. Kwake ule ulikuwa usaili wa kazi, na alifaulu, usiku mmoja.

#24 Shangingi Mstaafu
@Mwanaharakati, wanawake wangapi wa makarani Paris nzima walikuwa hawana mahari na hawakulia wakiona kitambaa cha meza? Mfanyakazi wa ndani alikuwa naye, binti wa Bretagne. Hakuwa anakufa njaa. Alikuwa anajilinganisha. Hata kwenda kumtembelea Jeanne aliacha, kwa sababu akirudi analia siku nzima.

#25 Mwanaharakati wa Jikoni
Na wewe kwenye hilo jina lako la "Shangingi Mstaafu" ulistaafu lini? 😂

#26 Shangingi Mstaafu
Niliishiwa mafuta 2016.

#27 Mpita Njia
Na mimi nina langu. Chuo, mwaka wa pili, niliazima suti kwa jamaa wa chumba cha jirani niende usaili. Nikaipiga pasi, pasi ikala bega. Nikakimbia dukani, nikanunua inayofanana kwa pesa ya ada, nikala mihogo muhula mzima. Kuja kumwambia jamaa baada ya kuhitimu, ananijibu ile yake aliiokota Karume, mtumba, shilingi elfu nane.

#28 Wakili Njaa
Hii ni chai, tena ina tangawizi.

#29 Mpita Njia
Haki ya Mungu! Sawa, muhula mzima nimezidisha. Mihogo ilikuwa wiki sita.

#30 Hesabu Kali
Turudi kwenye mada kabla hatujafika Karume wote. Nimefanya hesabu nyingine ikanitia huruma. Loisel alikuwa na urithi wa baba yake, faranga 18,000. Nusu iliyobaki akakopa: elfu kwa huyu, mia tano kwa yule, sarafu tano hapa, tatu kule. Akasaini hati kwa wakopesha riba, yaani kausha damu wa Paris. Usiku alikuwa ananakili hati za watu kwa mkono, sou 5 kwa ukurasa. Sou 20 ni faranga moja, kwa hiyo kurasa nne ndiyo faranga moja. Deni la 18,000 bila riba ni kurasa 72,000. Gawa kwa usiku wa miaka 10: karibu kurasa 20 kila usiku, Krismasi ikiwemo.

Ndiyo, najua hakulipa kwa kunakili pekee, jioni alikuwa anaweka sawa hesabu za mfanyabiashara na mke alikuwa anabana kila senti sokoni. Lakini riba nayo sijaigusa.

#31 Mtoto wa Karani
Hesabu Kali, baba yangu alikuwa karani wa halmashauri na nilimwona akichapa kazi za watu usiku kwa mashine. Sikuwahi kuhesabu kurasa. Jina langu la humu limetoka huko.

Na Maupassant aliwajua hawa watu. Mwenyewe alikuwa karani, kwanza wizara ya majeshi ya maji, baadaye wizara hiyo hiyo ya elimu ya akina Loisel, mpaka maandishi yalipoanza kumlisha. Kwa hiyo ile shauku ya kadi ya mwaliko, kwamba kila karani anaitaka na wanapewa wachache, hakuisimuliwa.

#32 Kibatari
Wakuu, mbona mimi nakumbuka mwisho tofauti? Mke amekufa, mume anakwenda kuuza vito vya uongo vya marehemu, anaambiwa ni vya kweli. Au nimekunywa?

#33 Dada wa Kivu
Leo hujakosea, Kibatari! Hiyo ni "Les Bijoux", ya Maupassant huyo huyo, ilitoka 1883, mwaka mmoja kabla. Mume ni Lantin, naye karani, wizara ya mambo ya ndani, mshahara faranga 3,500 kwa mwaka. Mke anapenda mambo mawili tu, maigizo na vito vya bandia, hivyo mume anaamini. Mke anafariki. Mume pesa inamwishia, anapeleka kidani akitarajia faranga sita au nane. Sonara anampa bei ya 18,000. Hapo ndipo anaelewa vito vimetoka wapi, na sisi tunaelewa.

Analia, anaona aibu, halafu njaa inauma, anauza kidani na vingine vyote, jumla 196,000. Miezi sita baadaye anaoa mke mwaminifu kabisa ambaye anamtesa.

Kwa hiyo mtu yuleyule, ndani ya mwaka mmoja, kaandika bandia inayogeuka kweli na kweli inayogeuka bandia. Ndiyo maana nasita mkisema "fundisho lake ni hili". Huyu alikuwa anaandikia gazeti, anageuza kito upande huu na huu aone kinavyometameta. Katikati ya "La Parure" anajiuliza mwenyewe: ingekuwaje kama asingepoteza? Nani ajuaye? Anashangaa kitu kidogo kinavyotosha kumwangusha mtu au kumwokoa. Hasemi tamaa, hasemi aibu.

#34 Hesabu Kali
Na angalieni mshahara wa Lantin: 3,500. Kidani cha akina Loisel ni zaidi ya miaka 10 ya mshahara kama huo.

#35 Shangingi Mstaafu
Nirudi na la mwisho halafu nikalale. Mnasema umaskini ulimfundisha. Tazameni anavyomsimulia Jeanne kwamba alinunua kingine akarudisha. Anamwambia, "Hukugundua, siyo?" na anatabasamu kwa furaha yenye majivuno ya kitoto. Amechakaa, nywele ovyo, anaongea kwa sauti ya juu, mikono myekundu, na bado anaringa. Zamani aliringa kwa kuonekana ana almasi, sasa anaringa kwa kuwa almasi yake ilipita bila kugundulika. Na mara nyingine mume akiwa ofisini anakaa dirishani anaukumbuka usiku ule. Hajutii hata chembe! Mimi ningejuta kwa niaba yake.

#36 Mwanaharakati wa Jikoni
Au ni mara ya kwanza maishani anaringia kitu alichokifanyia kazi mwenyewe. Haki yake.

#37 Mswahili wa Mji Kale
Nguo ya kuazima haisitiri maungo. Wazee walimaliza zamani.

#38 Sonara wa Mtaa
Mzee, hapa ilisitiri vizuri tu usiku kucha. Shida ilikuja wakati wa kurudisha.

#39 Mama Pacha
Haya. Mmenisumbua, nimempigia shangazi sasa hivi. Nimezunguka wee, habari za mvua, habari za minazi, mwisho nikasema: shangazi, ile hereni niliipoteza, hiyo nyingine nilichongesha.

Kimya. Nikadhani mtandao umekata. Halafu akasema: "Ya kulia? Najua. Ile inang'aa kuliko mwenzake. Siku uliyoileta tu niliona."

#40 Mtoto wa Karani
Aiseee. Miaka miwili amekaa nalo! Kwa nini hakusema?

#41 Mama Pacha
Nimemuuliza. Kasema alikuwa anasubiri aone nitasema lini.

#42 Wakili Njaa
Huyo shangazi aje barani tumpe ujaji.

#43 Shangingi Mstaafu
Mnaona? Shangazi naye ni walewale, mdomo mzito. Mtoa mada, andika upya kichwa cha uzi.

#44 Sonara wa Mtaa
Mama Pacha, swali la kikazi. Ile ya kushoto, ya shangazi yenyewe, uliwahi kuipima? Maana inayong'aa kuliko mwenzake ndiyo ya kweli mara nyingi.

#45 Mama Pacha
Sonara, usinianzishie.